Urithi Usioandikwa Katika Wasia

Mtu akifariki dunia, baada ya kuzikwa na kulipiwa madeni yake, jamaa hukaa kuzungumza habari za mirathi. Huhesabiwa ng'ombe, hupimwa shamba la mpunga, huulizwa nyumba iliandikwa kwa jina la nani. Hata mtu ambaye hakusoma hesabu nyingine yoyote hujua thumni ni nini na thuluthi ni nini, kwa kuwa masheikh wetu wametufundisha kwamba haki ya mrithi haichezewi.

Lakini uko urithi mwingine usiogawiwa na kadhi wala kuandikwa katika wasia, na mara nyingi aliye nao hajui kuwa anao. Urithi huo hukaa mwilini tangu siku mtu anapotungwa tumboni mwa mama yake. Ulio mwingi ni neema tupu: kimo cha babu, macho ya mama, sauti ifananayo na ya shangazi. Hata hivyo, mara chache humo ndani huwamo upungufu mdogo ambao, baada ya miaka 30 au 40, waweza kuufungulia mlango ugonjwa mzito. Leo twataka kuzungumza habari za upungufu mmoja wa namna hiyo, nao ni ule unaoandamana na saratani ya matiti. Twawaomba akina baba wasiifunge kurasa hii kwa kudhani kuwa ni habari za wanawake. Wao pia wamo, tena wamo sana, kama itakavyoonekana.

Hali ilivyo Nyahanga

Nyahanga ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama, katika mkoa wa Shinyanga. Nchi hii ni ya mpunga, ya ng'ombe, na ya dhahabu. Mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, ulikuwa karibu na mji wa Kahama. Bulyanhulu hauko mbali. Na ukielekea kaskazini wafika Geita. Kwa ajili ya dhahabu na biashara zinazoifuata, watu wamehamia huku kutoka pande nyingi. Pamoja na Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, utawakuta watu wa Kigoma, wa Tabora, wa Kagera na wa pwani, wakipanga nyumba pamoja na kuswali safu moja.

Kuhama huku kuna baraka zake, lakini kumeleta jambo moja lisiloangaliwa: habari za ukoo zimetawanyika. Bibi alizikwa Ujiji, shangazi alizikwa Dar es Salaam, na wajukuu wanakua Nyahanga bila kujua hao wazee walikufa kwa maradhi gani.

Na tuchukue mfano, wala hatumkusudii mtu yeyote. Mwanamume mmoja alitoka Ujiji akiwa kijana, akaja Kahama kutafuta riziki, akaoa, akapata watoto. Mama yake alikufa akiwa na miaka 41, na jamaa wakasema amekufa kwa jipu la titi. Dada yake alikufa akiwa na miaka 38, na habari zilizofika kwa simu zilisema tu kwamba aliugua kifua. Mwanamume mwenyewe ni mzima wa afya. Sasa binti yake mkubwa, mwenye miaka 33, naye ananyonyesha, ameona uvimbe katika titi la kushoto. Hauumi. Mama mkwe anasema ni maziwa yaliyoganda. Mwezi wa tatu jirani anasema ni jicho la hasidi. Mwezi wa sita yatajwa jina la ajuza mmoja mwenye macho mekundu aishiye peke yake mwisho wa mtaa. Katika watu wote hao, hakuna hata mmoja aliyemwuliza baba wa yule binti: "Mama yako alikufaje?"

Sote twajua mambo haya yaweza kuishia wapi. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi wa pekee dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu, ambayo huletwa na moshi wa jikoni wa maisha mazima. Basi ujinga wa jambo hili una madhara mawili: humchelewesha mgonjwa mpaka dawa zishindwe, na huweza kumtia mtu asiye na hatia katika hatari ya kuuawa. Kwa hiyo inafaa tujue hasa kinachotokea ndani ya mwili.

Maandishi yaliyomo ndani ya chembe

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai, ndogo hata hazionekani ila kwa hadubini. Ndani ya chembe hizo, isipokuwa za namna chache, mna maandishi yanayoiamuru kila chembe kazi yake. Maandishi hayo huitwa DNA. Herufi zake ni 4 tu, lakini mpango mzima wa mwanadamu una herufi zipatazo bilioni 3. Yamefungwa katika vitabu 46 viitwavyo kromosomu, navyo vimepangwa jozi 23. Katika kila jozi, kitabu kimoja kimetoka kwa baba na kimoja kwa mama. Amri zilizoandikwa humo ndizo ziitwazo jeni, nazo ni karibu 20,000.

Chembe huzaliana kwa kugawanyika, na kila inapogawanyika ni lazima maandishi yote yanakiliwe upya. Wasomaji wanajua kazi ya kunakili ilivyo ngumu. Mwandishi wa zamani aliyenakili kitabu kwa mkono, hata awe mwangalifu namna gani, kalamu yake iliweza kuteleza, na kwa sababu hiyo nakala ilisomwa tena ili isahihishwe. Mwili nao umepewa wasahihishaji wake. Herufi ikikosewa, au uzi wa DNA ukikatika, zipo jeni ambazo kazi yake ni kuamuru itengenezwe ile protini inayokwenda kuunganisha palipokatika na kusahihisha palipokosewa.

Kosa likipita bila kusahihishwa, huitwa badiliko la jeni. Mengi ya mabadiliko haya hayadhuru. Lakini yakitokea katika jeni zinazoiambia chembe lini igawanyike na lini ikome, chembe hiyo huweza kuasi. Huzaa chembe nyingine zilizoasi kama yenyewe, nazo huongeza makosa juu ya makosa, mpaka pawepo uvimbe. Uvimbe huo ukiwa na tabia ya kupenya katika nyama ya jirani na kusafiri kwenda mwili mzima, ndio saratani.

Watu wa Geita na Kahama watalielewa jambo hili kwa mfano wa machimbo. Mchimbaji mdogo anapochimba duara, hutegemeza kuta zake kwa matimba, yaani magogo. Tuseme mahali fulani pana magogo mawili yanayobeba mwamba mmoja. Gogo moja likiwa bovu tangu siku lilipowekwa, duara halitaanguka, kwa kuwa la pili bado lashikilia. Mchimbaji huingia na kutoka miaka mingi bila kujua. Lakini siku mchwa watakapolila gogo la pili, mwamba hushuka.

Ndivyo ilivyo kwa aliyerithi badiliko katika mojawapo ya jeni za usahihishaji. Nakala moja, ya baba au ya mama, ni mbovu tangu kuzaliwa. Ya pili ni nzima, na kwa hiyo mtu huyo hukua, huoa au huolewa, na huzaa, akiwa na afya kamili. Saratani huanza pale nakala ya pili inapoharibika katika chembe mojawapo ya titi. Kwa asiyerithi ubovu wowote, itabidi magogo yote mawili yaharibike mahali pamoja, jambo ambalo ni nadra zaidi. Kwa sababu hiyo saratani ya kurithi hupenda kuja mapema, mtu akiwa bado kijana.

Namna jeni hizi zilivyojulikana

Kwamba saratani ya matiti hupita katika baadhi ya koo ni jambo lililoonwa zamani. Mwaka 1866 tabibu wa Kifaransa, Paul Broca, alichapisha habari za ukoo wa mkewe mwenyewe, ambamo wanawake wa kizazi baada ya kizazi walikufa kwa maradhi haya. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu wengi hawakukubali kwamba jeni moja yaweza kuleta ugonjwa mzito namna hii.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary-Claire King, alishikilia kuwa yaweza. Kwa miaka mingi alikusanya habari za familia, akiandika nani aliugua, akiwa na umri gani, na nani ni mtoto wa nani. Mwaka 1990 yeye na wenzake walitangaza matokeo ya familia 23 zilizokuwa na wagonjwa 146, wakaonyesha kwamba jeni hiyo iko katika kromosomu ya 17. Iliitwa BRCA1, na mwaka 1994 maandishi yake yalipatikana. Mwaka 1995 jopo la Michael Stratton wa Uingereza likapata jeni ya pili, BRCA2, katika kromosomu ya 13. Zote mbili ni katika wale wasahihishaji tuliowataja: huunganisha DNA inapokatika kamba zake zote mbili.

Baada ya hizo zimejulikana nyingine, kama PALB2, ambayo hushirikiana kazi na BRCA2, na TP53, ambayo huizuia chembe iliyoharibika isiendelee kugawanyika.

Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliofuata familia za Ulaya, Australia na Amerika ya Kaskazini, ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wenye badiliko baya la BRCA1, kama 72 huweza kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Na kwa BRCA2 ni kama 69. Saratani ya ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai ya uzazi, huweza kuwapata kama 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Kwa kulinganisha, mwanamke yeyote wa Marekani kwa jumla ana hatari ya kama 13 katika 100 ya kupata saratani ya matiti maishani mwake. Lakini msomaji aangalie: hata kwa wenye badiliko, hesabu haifiki 100. Wako wanaolibeba mpaka uzeeni wasiugue. Hatari si sawa na hukumu.

Je, mambo haya yatuhusu sisi?

Pengine msomaji atasema, hizi ni habari za Wazungu. La, si hivyo. Mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Ibadan, nchini Nigeria, na jopo la daktari Mnigeria, Bibi Olufunmilayo Olopade wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambamo Mary-Claire King naye alishiriki. Walipimwa wanawake 1,136 wenye saratani ya matiti, na wengine 997 wasio nayo. Katika wagonjwa, kama mmoja kwa kila 8 alikuwa amerithi badiliko baya katika BRCA1, BRCA2, PALB2 au TP53.

Jirani zetu wa Uganda nao wamechunguzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima wagonjwa 196 wa Uganda na Kameruni, waliochukuliwa bila kuchaguliwa kwa umri wala kwa historia ya ukoo. Karibu 16 katika kila 100 walikuwa na mabadiliko ya kurithi katika jeni zinazohusika na saratani ya matiti, na katika wanawake wasio na ugonjwa, walikuwa wachache zaidi sana. Kutoka Kampala hadi Nyahanga ni ng'ambo moja ya Ziwa Nyanza na nyingine. Basi haifai kudhani kuwa jambo lililoko kule haliko huku.

Hata hivyo mizani ya hesabu hizo lazima isomwe pande zote mbili. Ikiwa 16 katika 100 wamerithi, basi 84 hawakurithi. Wengi wa wanawake wanaougua saratani ya matiti duniani hawana urithi huu wowote. Mabadiliko ya jeni yametokea katika chembe za matiti yao wenyewe katika muda wa maisha. Sababu mojawapo kubwa ni umri, kwa kuwa kila chembe inavyozidi kugawanyika ndivyo makosa yanavyozidi kupatikana. Pombe huongeza hatari, na kunenepa kupita kiasi baada ya kukoma hedhi huongeza pia. Kunyonyesha hupunguza: uchunguzi mkubwa wa mwaka 2002 ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha huipunguza hatari kwa kama asilimia 4. Mama anayemnyonyesha mtoto wake miaka miwili kamili ana faida yake mwenyewe pia. Lakini kunyonyesha si kinga kamili, na asije mtu akasema, "Mimi nimenyonyesha watoto sita, sina haja ya kutazama uvimbe huu."

Huku kwenye machimbo watu huuliza pia habari za zebaki inayotumika kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu ya kweli: huharibu mishipa ya fahamu na figo, na humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo isichomwe jikoni wala karibu na watoto. Lakini haijathibitishwa kuwa ndiyo iletayo saratani ya matiti. Tusiichukue kuwa jibu rahisi tukaacha kuuliza habari za ukoo na kwenda hospitali.

Fungu la baba

Sasa twarudi kwa akina baba. Katika mirathi ya mali, mafungu yana kanuni zake zinazojulikana. Katika urithi huu wa mwili kanuni ni nyingine: mzazi mwenye badiliko, akiwa baba au mama, humpa kila mtoto ama ile nakala mbovu ama ile nzima, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Mwana wa kiume na binti wako sawa. Haina maana kwamba katika watoto 4 ni lazima 2 wapate. Huenda wote wakapata, na huenda asipate hata mmoja, kwa kuwa kila mimba ina hesabu yake. Na mtoto ambaye hakupata, hana cha kuwapa watoto wake.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Binti akiugua, huulizwa habari za upande wa mama tu. Mama wa yule binti wa mfano wetu ni mzima, na dada zake wote ni wazima, basi watu husema, "Katika ukoo wake hakuna ugonjwa huu." Kumbe ugonjwa ulikuwa kwa bibi mzaa baba na kwa shangazi, ukapita kwa baba kimya kimya, kwa kuwa mwanamume huweza kulibeba badiliko maisha yake yote asiugue. Naye hayuko salama kabisa: mwenye badiliko la BRCA2 huweza kupata saratani ya titi mwenyewe, ingawa kwa wanaume ni nadra, na hatari yake ya saratani ya tezi dume huongezeka.

Basi baba yule hakumroga binti yake, wala ajuza wa mwisho wa mtaa hakumroga. Wala si haki kumlaumu baba, maana hakuchagua, kama vile yeye mwenyewe hakuchagua alichopewa na mama yake. Lakini kuna jambo moja lililo katika uwezo wake: kufungua kinywa. Laiti angalisema mwezi wa kwanza, "Mama yangu alikufa kwa uvimbe wa titi akiwa kijana, na dada yangu vilevile," safari ya hospitali isingalingoja mwezi wa sita.

Kuchelewa ndiko kunakoua

Tathmini ya huduma za matiti iliyotolewa nchini Tanzania mwaka 2017 ilionyesha kuwa karibu 80 katika kila wagonjwa 100 hugunduliwa ugonjwa ukiwa umekwisha kuendelea sana. Hili ndilo linalotofautisha nchi na nchi, kuliko jeni. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti ulimwenguni, na 670,000 walikufa kwayo. Saratani hii ikishikwa ikiwa ndogo, wengi hupona.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, tabibu wa Andalusi, Abul-Qasim al-Zahrawi, aliandika katika kitabu chake cha tiba kwamba saratani ikiwa changa na mahali inapowezekana kuondolewa yote, kama vile titini, na ikatwe. Lakini ikiisha kuwa kubwa na ya zamani, alikiri kwamba yeye hakupata kumponya hata mgonjwa mmoja. Tangu wakati huo zana zimebadilika mno, ila faida ya kuwahi imebaki palepale.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: uvimbe au ugumu katika titi au kwapani, hata kama hauumi; ngozi ya titi kubonyea au kuwa na vitundu kama ganda la chungwa; chuchu kuingia ndani tofauti na ilivyokuwa; kutokwa na damu chuchuni; au kidonda kisichopona. Mama anayenyonyesha huweza kweli kupata jipu au maziwa kuganda, na uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini jipu hupona kwa dawa. Uvimbe uliobaki baada ya wiki mbili za matibabu si wa kungojewa.

Mgonjwa na aanze katika zahanati au hospitali ya Kahama, aombe kutazamwa, na ikilazimu apewe barua ya rufaa. Hospitali ya Bugando iliyoko Mwanza huhudumia kanda yote ya Ziwa na ina idara ya saratani. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Huko hupigwa picha ya matiti, na huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano kikatazamwe kwa hadubini. Hakuna mganga wala daktari awezaye kusema kwa hakika kuwa ni saratani au si saratani kwa kushika kwa mkono peke yake. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mgonjwa aonwe mara ya kwanza mpaka ajulishwe ugonjwa wake zisizidi siku 60. Jamaa wa mgonjwa nao na waweke hesabu hiyo, waulize majibu, wasikae kimya.

Wako akina mama wanaozuiwa na haya. Haya ni sifa njema, lakini wanazuoni wameeleza kwamba penye dharura, na asipopatikana tabibu mwanamke, tabibu mwanamume aruhusiwa kumtazama mgonjwa kwa kadiri ya haja, naye aweza kufuatana na mumewe au maharimu wake. Mume amzuiaye mkewe kwa sababu hii na afikiri atajibu nini kwa amana aliyokabidhiwa.

Daftari la ukoo

Kipimo cha kusoma jeni hakipatikani katika zahanati ya mtaa, na wengi wetu hatutakifikia upesi. Lakini Mary-Claire King hakuanza na mashine; alianza na daftari. Daftari hilo kila nyumba ya Nyahanga yaweza kuwa nalo. Sisi tunajivunia kujua nasaba zetu. Basi kando ya majina na tuandike pia maradhi. Andika majina ya wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, shangazi, mama wakubwa na wadogo, wajomba na ami. Kando ya kila aliyekufa andika umri wake na ugonjwa, na kama haukujulikana, andika dalili zilizoonwa: uvimbe wa titi, maji tumboni, kidonda. Wapigie simu wazee walioko Ujiji na Tabora wakiwa bado hai.

Pakionekana jamaa wawili au zaidi wa upande mmoja waliougua saratani ya matiti au ya ovari, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, au mwanamume aliyeugua saratani ya titi, daftari hilo na lipelekwe kwa daktari. Katika nchi zenye vifaa, mwanamke ajulikanaye kuwa na badiliko la BRCA huanza kuchunguzwa matiti tangu miaka 25, na akiisha kupata watoto hushauriwa juu ya kuondoa ovari. Yupo pia ambaye huamua kuondoa matiti kabla ya ugonjwa. Hilo ni shauri lake na daktari wake na jamaa zake. Hata tiba imepata njia mpya hapa. Mwaka 2018 nchini Marekani iliruhusiwa dawa iitwayo olaparib kwa wenye saratani ya matiti iliyoenea na badiliko la BRCA. Chembe ya saratani imekwisha kupoteza njia moja ya kujisahihisha. Dawa hii huziba nyingine, na chembe hiyo ikafa.

Twajua hofu ya wengi: habari hizi zikijulikana, mabinti hawataolewa. Hofu hiyo si ndogo, wala hatuidharau. Ndiyo maana daftari ni siri ya nyumba na ya daktari, si la kusomwa arusini wala kilioni. Lakini yapasa kusemwa wazi kwamba mwenye kurithi badiliko si mgonjwa, haambukizi mtu, na hana aibu yoyote. Atakayemkataa binti kwa sababu hiyo na ajiulize kama ajua yaliyomo ndani ya damu yake mwenyewe. Na aliyeficha ili bintiye aolewe, kisha binti akafa akiwa na miaka 35 na kuacha watoto wachanga, amemkinga na nini?

Ndugu msomaji, usiku wa leo, baada ya chakula, watoto wakiwa wamekaa, waeleze habari za bibi yao. Waambie alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, aliishi wapi. Kisha usinyamaze ulipofika mwisho wake. Sema alikufa kwa nini. Maneno hayo machache huenda yakawa ndiyo mali kubwa kuliko zote utakazowaachia. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na sisi atupe ujasiri wa kuwahi. Amin.